Isipokuwa Mwanangu wa Kumzaa

Katika maktaba ya chuo ninakofanya kazi, hapa Kilifi, tuko wakutubi wawili wanawake tunaopenda utafiti. Wangu ni mmoja tu tangu nianze kazi: namna ya kukinga vitabu na kuvu wa pwani. Hewa ya chumvi, karatasi, gundi, basi. Tafiti za mwenzangu ni nyingi kama leso za bibi harusi. Leo wavuna chumvi, kesho majina ya mitaa, keshokutwa mapishi ya mahamri. Nilikuwa nikimtania kwamba mtaka yote hukosa yote, lakini ajabu yake hakuwa akikosa. Aliitwa kwenye makongamano, akarudi na mikoba mipya, nami nikabaki na brashi yangu nikipangusa kuvu. Nilimwonea wivu, tena sikuuficha sana.

Huo ulikuwa wivu mdogo, wa kazini. Mkubwa ulikuja alipoanza kwenda kwetu.

Mamangu alizaliwa visiwa vya kaskazini, akaolewa Malindi, na kwa miaka mingi amekuwa somo mtaani kwetu Shella, huko huko Malindi, yaani mwanamke anayewafunda wasichana wanaokaribia kuolewa. Ana nyimbo za ndani ambazo wanaume hawazisikii. Mimi pia sikuzisikia. Kwetu mama hamfundi bintiye. Ni aibu kwa wote wawili. Utotoni nikikaribia tu mlango wa chumba cha mwari, wimbo ulikatika, nikatumwa dukani kununua kitu ambacho nyumbani kilikuwa tele. Nilipoolewa, nilifundwa na jirani, mama mwema mwenye sauti mbaya.

Mwenzangu aliposikia habari hizo alichangamka. Wazazi wake walitoka bara kutafuta kazi, yeye akazaliwa Kisumu Ndogo, Malindi hiyo hiyo, na mambo hayo hakuwahi kuyaona. Aliniomba nimpeleke. Nilimpeleka nikiwa na hakika kwamba mama atakataa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe una somo?"

"Sina, mama."

"Mtoto wa watu, mkubwa hivi, hana somo!" Mama akanitazama kana kwamba kosa ni langu. "Haya, ingia ndani mwanangu. Na wewe kaa hapo uchambue mchicha."

Nikabaki uani na mchicha wangu, wao wakafunga mlango. Baadaye kidogo nikasikia kicheko cha mama, kile cha kujipigapiga paja. Mimi sijapata kumchekesha hivyo hata siku moja. Jumamosi nyingi zilipita namna hiyo, na katika mojawapo mwenzangu alitoka chumbani amejifunga leso ya mama, ile niliyokuwa nikiinyemelea tangu Idi. Siku hiyo sikumsindikiza hadi mlangoni.

Kazi yake ilipokamilika, sauti alizorekodi zililetwa maktaba zihifadhiwe. Kila anayetupa sauti yake huulizwa nani aruhusiwe kuisikiliza. Mwenzangu alikuja mezani kwangu akikwepa macho yangu.

"Dada, mama amesema wanawake wazima wote wasikilize."

"Vyema."

"Isipokuwa mwanangu wa kumzaa. Ndivyo alivyosema."

Na anayetunza sauti zote pale maktaba ni mimi.

Nilimwendea mama. Umri umemwendea, pumzi zake siku hizi ni fupi, na hakuna mahali pengine sauti yake ilipohifadhiwa. Nilimwambia waziwazi kwamba naona wivu, na kwamba siku akiondoka nitabaki na sauti yake mkononi bila ya kuisikia.

"Sasa wivu wa nini?" akasema. "Mie nikiwa hai, mwenye kuona haya ni mie. Nikifa, utaona haya wewe, na sitakuwepo kukufunika."

"Hata salamu za mwanzo, mama?"

Akafikiri. "Salamu sikiliza. Wimbo ukianza, zima."

Wasichana wa chuo huja, nami huwapa iafoni wasikilize. Huketi karibu na dirisha wakajiziba midomo kwa kucheka. Mmoja alimaliza akifuta machozi, akaniambia, "Laiti huyu bibi angekuwa mamangu!" Nilimwambia arudishe kiti mahali pake.

Wakishaondoka huvaa iafoni mimi mwenyewe. Mlango unafungwa, kiti kinaburuzwa, mama anakohoa. Mwenzangu anaamkia. "Marahaba, mwanangu," mama anajibu, "karibu, hapa ni kwenu." Najua kila mwanamke mzima wa Shella humwita hivyo kila msichana. Lakini mimi huniita kwa jina, na akikasirika huongeza na la baba. Kisha anavuta pumzi ndefu ya kuanza kuimba, nami nazima.