Bima ya Mwenye Kipanda Uso

Kwetu Pemba mtu akiumwa upande mmoja wa kichwa, jicho likamtoka machozi na mwanga ukamchoma, huambiwa ana kipanda uso, na mazungumzo huishia hapo. Hakuna anayekupa pole ya maana. Watakwambia ujifunge utambaa, upake mafuta ya karafuu kwenye panja, ulale. Mimi kilinianza nikiwa na miaka kumi na mitano na mpaka leo, mzee niliyechakaa, hakijaniacha. Nimekizoea kama mtu anavyomzoea shemeji mkorofi: simpendi, lakini siku zake za kuja nazijua.

Katika miaka ya thelathini nilikuwa karani wa ofisi ya ukaguzi wa karafuu, Wete. Kaka yetu mkubwa alikuwa na kichwa kama changu. Siku moja alikishika, akasema aletewe maji, na kabla maji hayajafika alikuwa amekwisha kukata roho. Hakuacha mtoto. Mkewe alikaa eda chumba cha nyuma, na alipotoka eda ndugu zangu wawili walimpa robo yake ya mikarafuu kwa mkono mmoja na kuinunua kwa mkono wa pili, kwa bei waliyoipanga wenyewe. Kisha wakamtafutia gari ya Konde, kwao. Alipanda na sanduku moja na mkeka. Nasema haya bila ya kujitoa: mimi ndiye niliyembebea lile sanduku mpaka garini.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni akitazama. Tulipokaa kula akanisogezea sahani.

"Na miye siku yangu ntabebewa na nani?" akaniuliza.

Hali yetu ilikuwa ile ile. Mtoto hatukujaaliwa. Nyumba tuliyokaa na miti tuliyochuma ilikuwa ya baba yetu, na mimi nikifa ndugu zangu wangekuwa pale pale na hesabu zao. Wazee wa mke wangu walikuwa watu waliotoka bara zamani, wakalima mihogo Kengeja kwenye ardhi ya watu, wakafa bila ya kuacha hata kibanda. Yule mjane wa kaka angalau alikuwa na pa kurudi. Huyu wangu angeshuka garini Kengeja na kubaki barabarani.

Ndipo alipokuja ofisini kwetu wakala wa bima. Neno hilo tulilijua kwa wenye maduka, waliokatia bima bidhaa zao. Huyu aliuza bima ya roho. Alitueleza kwamba unalipa kidogo kidogo kila mwezi, na ukifa fedha anapewa yule uliyemtaja kwenye karatasi, si mwengine. Hilo la "si mwengine" ndilo lililonikamata. Barazani walinicheka, wakasema natoa pesa ili mtu akae akiningojea nife. Shehe mmoja akasema ni kamari tupu. Nikamwuliza kumtoa mjane na sanduku moja kunaitwaje katika vitabu vyake. Akaninunia mwaka mzima, nami nikafurahi.

Daktari wa wakala alinipima Chake Chake. Alinigonga mgongo, akanisikiliza moyo, akasema mimi mzima. Lililobaki lilikuwa wakala kuja nyumbani kumsikia mtu anayeishi na mimi. Mke wangu alilipokea hilo kama siku ya harusi. Alifua pazia, akakaanga, akavaa kanga ambayo haijawahi kuguswa na maji. Alijua kinachotafutwa ni paa juu ya kichwa chake.

Yule wakala alikuwa Mzungu wa Nairobi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kumwamrishia mpishi.

"Mama, bwana hii iko gonjwa?"

"Hana maradhi, bwana," mke wangu akajibu kwa bashasha nyuma ya pazia. "Hanywi, havuti, hatembei ovyo. Ila kichwa hicho tu, kila mwezi champanda. Kikimpanda hataki mwanga wala sauti ya mtu, atapika, hata miye hanitambui vyema. Namfungia chumbani gizani mpaka kimshuke. Siku ya pili mzima, aenda kazini."

"Napanda? Nani napanda yeye?"

Mke wangu akacheka. "Kipanda uso, bwana! Huko kwenu hakuna?"

Na mimi nikacheka. Nilikuwa nimekaa pale pale, karani mwenye Kiingereza cha kutosha, na ningeweza kumweleza kwa maneno matatu. Nilimwona akiandika mistari minne kwa jambo la mstari mmoja, nikamkaribisha mkate wa kumimina.

Barua ya kampuni ya bima ilikuja baada ya miezi miwili, na ilifunguliwa kwanza na karani mkuu kwa sababu ilikuja kwa anwani ya ofisi. Walisema wamesikitika. Mwombaji, kwa ushahidi wa mkewe mwenyewe, hupandwa na pepo kila mwezi, akapoteza fahamu asimjue mtu, na jamaa zake humfungia gizani mpaka ashukwe. Nililisoma hilo nimesimama mbele ya wenzangu. Yule bwana alikuja kisiwani kwetu na jibu lake mfukoni. Kwa watu kama yeye Pemba ni uchawi na mashetani tu, hakuna anayeumwa kichwa kama binadamu. Mke wangu alimwambia "champanda", naye akasikia kile alichokuja kukisikia.

Toka siku hiyo kila nikishika kichwa mezani makarani waliniuliza kama nataka ubani au marashi, na yule aliyenipanda ni wa pwani au wa bara. Niliandika barua ya kupinga, kurasa mbili, nikaeleza kipanda uso ni nini. Jibu likaja fupi: ikiwa ni kichwa, basi ni kichwa cha miaka mingi, na jibu letu ni lile lile. Kwa shetani nilikataliwa na kwa ugonjwa nilikataliwa. Wao walichotaka ni mtu asiyeumwa kitu, na huyo bima ya nini?

Hasira ile ningeimaliza kwa wakala, lakini wakala alikuwa amekwisha kwenda zake. Nikarudi nayo nyumbani.

"Ndugu zangu hawatakuwa na kazi ya kukutoa humu," nilimwambia mke wangu. "Ulimi wako umeshakutoa."

Alikuwa anapepeta mchele. Akaushusha ungo.

"N'lidhani nakusifu," akasema.

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Badala yake nikaweka sheria. Nilimwambia kwamba wakala mwengine atakuja siku moja, na akija ataikuta nyumba hii nzima. Kutoka leo humu ndani hamna mgonjwa, si mimi si yeye. Maradhi yasitajwe kwa jirani, yasitajwe kisimani, na yule mzee mpiga chuku aliyezoea kunitoa damu kwenye panja asikanyage tena mlangoni, kwa sababu alama zake zinaonekana. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Haya, bwana," akasema, akaushika ungo wake.

Miaka minne tulikaa hivyo. Kipanda uso kikinijia nilikwenda nacho ofisini, nikaandika idadi ya magunia kwa jicho moja, nikatapika nyuma ya ghala na kurudi mezani nikitabasamu. Niliona nafanya ushujaa. Mke wangu akiulizwa habari zangu alijibu sote hatujambo, na akiulizwa zake alijibu hivyo hivyo. Kwa kuwa alinyamaza nilihisi amenielewa, na kwa kuwa amenielewa sikumwuliza tena kitu chochote kuhusu mwili wake. Siku hizo alianza kulala na kanga amejifunga mpaka shingoni. Alisema anaona baridi. Pemba, katika joto la kaskazi, mtu anaona baridi, na mimi nikaridhika.

Wakala wa pili alikuja vita vya pili vilipokwisha kuanza, mchele na nguo vikiwa vya kutafutwa. Huyu alikuwa mtu wa Unguja, wa kampuni nyengine, na alizungumza kwa adabu. Daktari wake aliniuliza kama nimewahi kusumbuliwa na kichwa. Nikamwambia sijapata hata siku moja. Kofia nilikuwa nimeivuta chini, lakini alama za chuku zilikuwa zimekwisha kufifia, akaniandika mzima. Nilijua kwamba uongo ule ukigundulika karatasi yote ni takataka. Nilijua, nikatia saini.

Naye pia alitaka kumsikia mtu wa nyumbani. Mke wangu alikaa nyuma ya pazia, lakini safari hii hakukaanga kitu, wala hakubadilisha kanga.

"Bibi, humu ndani maradhi vipi?" wakala akamwuliza.

"Humu hamna mgonjwa," akasema. "Alhamdulillahi."

Ikaja karatasi. Nilimsomea mara mbili kwa Kiswahili, nikamwonyesha jina lake lilipoandikwa, peke yake, bila ya jina la ndugu yangu yeyote. Alilipitisha kidole taratibu. Nilingoja afurahi. Akaniuliza:

"Basi sasa nawe utapigwa chuku, upumzike?"

Nikamwambia tungoje mwaka mmoja karatasi ikomae, kwani wakisikia neno wataifuta. Tuendelee vile vile. Akasema haya.

Mwaka haukufika. Alishikwa na homa, akawa hawezi kusimama, na nilipotaka kumpeleka hospitali alinishika mkono akasema tungoje kidogo. Nilidhani anaogopa sindano. Nilimbeba siku ya nne bila ya kumsikiliza. Daktari alimfunua, akamfunika tena, akaniambia nimrejeshe nyumbani akalale mahali anapopajua. Alifariki baada ya siku sita, na mimi nilikuwa bado nawaambia watu ni homa.

Kabla ya maziko bibi mmoja mkubwa, aliyeongoza kumwosha, alitoka chumbani akaniita pembeni. Nilimjua toka utoto wangu. Mikono yake ilikuwa bado mibichi kwa maji.

"Titi lake la kushoto limekwisha, limeoza lote," aliniambia. "Weye walijua?"

"Sikujua."

"Wallahi?"

"Wallahi sikujua."

Akajifuta mikono kwa kanga yake. Mimi nilitaka anitukane, lakini alikuwa mtu mpole.

"Sie twalijua," akasema. "Huu mwaka wa tatu. Akija kwangu mchana weye uko kazini, namkanda kwa majani, aenda zake. N'lisema naye mara ngapi: mwambie mumeo, akupeleke kwa daktari mapema. Hakutaka. Katuapisha sote tusikutajie."

Nikamwuliza kwa nini, na nilimwuliza kwa ukali, kana kwamba kosa ni lake.

"Alisema wataka nyumba isiyo mgonjwa. Alisema, 'Msimwambie, asije akaikosa bima yake.'"

Yake, alisema mke wangu, yaani yangu mimi. Na jina lililoandikwa mle lilikuwa la kwake yeye.