Stendi Isiyotikisika

Walimwita Mzee Muhtasari, na jina lenyewe alijitakia. Nusu ya umri wake aliimaliza akisoma taarifa ya habari ya jioni redioni, na kila jioni alianza kwa maneno yale yale: "Kwanza, muhtasari." Watoto wa mtaani wakalidaka jina, wenye maduka wakalidaka, hata mkewe akikasirika alimwita hivyo, ingawa yeye alijua kuliko wote kwamba mwanamume huyu hajawahi kusimulia jambo lolote kwa ufupi. Ukimuuliza kumekuchaje, anaanza na jana.

Sauti yake ilikuwa bado nzima, hilo lieleweke mapema. Ilikuwa nzito na tulivu, sauti ya mtu asiyeharakishwa na habari yoyote, iwe ya mafuriko au ya mpira. Kilichoharibika ni mkono wa kushoto. Kilianza kutetemeka kidole kimoja, akasema ni baridi. Vikawa viwili, akasema ni uchovu. Sasa ulikuwa mkono mzima, na ulitetemeka zaidi pale alipotaka utulie. Mkewe, ambaye kila asubuhi alimjazia chai nusu kikombe ili isimwagike, alimwambia aende hospitali. Alimwambia pia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Mzee alijibu kwamba yeye hajaficha kitu, anangoja tu kipite.

Balaa ni kwamba mkono huo ulikuwa na kazi. Msomaji aliyemtangulia alimfundisha kushika shingo ya stendi ya maikrofoni kwa mkono wa kushoto muda wote anaposoma, ili kichwa kisitangetange na mdomo ubaki umbali uleule. Wa kulia unageuza karatasi. Wasomaji wa siku hizi hawafanyi hivyo, lakini yeye bila kushika stendi alipotea kabisa, maneno yakamkimbia. Kwa hiyo kila jioni aliishika, na stendi ikatetemeka naye, na nchi nzima ikasikia mlio mdogo nyuma ya habari, kama vijiko vinavyogongana kwenye trei. Msikilizaji mmoja alipiga simu kuuliza kama siku hizi taarifa inasomewa jikoni.

Mkurugenzi hakucheka. Katika kikao cha asubuhi alisema mitambo ya studio imechoka, inunuliwe stendi mpya ya mezani, imara, na mzee mwenyewe aende na fundi akaichague. Kisha akaongeza, bila kumtazama mtu: "Kelele hii ikirudi baada ya hapo, kuna mtu atakwenda kupumzika."  Mzee Muhtasari alimjua huyo mtu wa kupumzika. Kiti kile cha studioni ndicho kitu pekee alichokuwa nacho duniani mbali na mke na mtoto, na alikitaka kwa roho yake yote.

Fundi aliyetakiwa kwenda naye alikuwa mkwewe, mume wa binti yake wa pekee. Hapo ndipo penye tabu, maana mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Walifanya kazi ukuta kwa ukuta miaka mingi, mmoja ndani ya kioo na mwingine nje, wakiongea habari za waya na hali ya hewa. Nyumbani mkwe aliamkia kwa adabu, akakaa kiti cha mbali, akala kilichowekwa mbele yake. Hakuwahi kumuuliza baba mkwe jambo la mwilini mwake, na mzee alimpenda kwa hilo. Akiwa njiani kwenda duka la vifaa vya umeme, mkono wa kushoto mfukoni, alijifariji kwamba heri huyu kuliko mwingine.

Mwenye duka alikuwa mtu mnene mchangamfu mwenye mdomo usio na breki.

"Karibuni, karibuni. Stendi ya kuimbia au ya kuhubiria?"

"Ya kusomea habari," fundi akasema. "Ya mezani."

Basi zikapangwa juu ya kaunta. Fundi akaunganisha maikrofoni kwenye mashine ndogo ya dukani, akavaa hedifoni, akaifunga maikrofoni kwenye stendi ya kwanza, ya kawaida, yenye miguu mitatu ya kukunja. Kisha akasema, macho yake yakiwa kwenye waya, "Baba, naomba ushike kama unavyoshika kazini."

Mzee aliishika kwa mkono wa kulia. Kimya kabisa.

"Nzuri hii," akasema haraka. "Tuchukue twende."

"Kazini mkono wa kulia una karatasi, baba." Fundi alilisema hilo kama anayeomba radhi.

"Karatasi nitazilaza mezani."

"Ukizilaza utainamisha kichwa."

Ilikuwa kweli, tena kweli aliyoifundisha yeye mwenyewe studioni. Akautoa mkono wa kushoto mfukoni, pete yake kidoleni. Alijaribu kuutoa kwa kasi ili usionekane, akaibana shingo ya stendi kwa nguvu zake zote, na ile miguu mitatu ikaanza kucheza juu ya kioo cha kaunta. Alikohoa makusudi. Akakohoa tena.

"Nyepesi mno," akasema. "Hata upepo unaiweza."

"Nyepesi," fundi akaitikia.

Ya pili ilikuwa na shingo ya kupinda, na mzee alipoigusa ikaanza kutikisa kichwa kama mtu anayeitikia salamu za wapita njia. Hiyo haikuhitaji hata kujadiliwa. Mwenye duka akasema sasa anaelewa wanachotaka, akaingia ndani, akatoka amekumbatia kitu kwa mikono miwili. Kilikuwa na kitako cha duara cha chuma kitupu na shingo nene fupi. Akakitua, kaunta ikalalamika.

"Hii ukiiangusha, usiombe mguu wako uwe jirani. Hii haitikisiki, mzee wangu. Nishughulikie mimi kama itatikisika."

 Mzee Muhtasari alijua kwamba baada ya hii hakuna nyingine. Mwenye duka akampa karatasi ya dhamana ya friji asome, mzee akaishika kwa kulia, akaibana stendi kwa kushoto, akaanza. "Dhamana hii haihusu uharibifu unaotokana na matumizi mabaya..." Akaisoma kama tangazo la serikali, maana hakujua namna nyingine ya kusoma. Wateja wawili waliokuwa wakiangalia pasi wakageuka. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, si yule wa redio? Wakasogea. Mzee akaendelea, mpaka kwenye kipengele cha usafirishaji, akiitazama stendi kwa jicho la pembeni. Haikutikisika. Hata kidogo. Chuma kilikaa pale kama kimeota.

Fundi alikuwa amefumba macho. Alikaa hivyo kwa muda ambao mzee aliuona mrefu kuliko taarifa nzima. Hatimaye akavua hedifoni.

"Hakuna kitu, baba. Kimya."

Mzee alitaka kucheka kwa sauti. Alijisikia mwepesi, akaona jioni zake zote zimerudi zimejipanga mbele yake. Alikuwa anafungua kinywa kusema ifungwe, wakati mwenye duka alipojivika hedifoni mwenyewe. "Nisikie na mimi bidhaa yangu. Endelea, mzee, unasoma vizuri."

Akaendelea. Mwenye duka akakunja uso.

"Ah, fundi. Mbona mimi nasikia? Tik, tik, tik." Akainama, akaweka jicho usawa wa kaunta, akatafuta kama mtu anayetafuta panya. Akaona. "Ni pete hii. Inagonga chuma. Stendi haina neno kabisa. Mzee, mkono wako unatetemeka. Umeonana na daktari?"

Aliuliza kwa wema, kwa sauti ya kila siku, kama angemuuliza mtu kama amekula.  Wale wateja wa pasi wakakumbuka kuziangalia pasi.

"Ni pete tu," fundi akadakia, maneno yakimtoka mbiombio. "Ukivua pete, baba, itakuwa sawa. Pete peke yake."

Mzee Muhtasari hakuitazama pete. Alimtazama mkwewe.

"Wewe ulisikia."

Fundi akaanza kukunja waya.

"Nakuuliza, mkwe."

"Nilisikia, baba."

"Ukasema kimya."

Fundi akaukunjua waya, akaukunja upya.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu mvua zile kubwa. Kwanza niliwaambia wakubwa ofisini ni waya, nikabadilisha waya. Halafu nikasema meza. Halafu kiti. Juzi nikasema stendi." Akaufunga waya. "Vitu vya kusingizia vimeniishia, baba."

Mzee alipandwa na hasira, tena hasira kali, ya mtu aliyefanywa mtoto. Miezi yote hiyo alikuwa akikohoa na kujificha, kumbe anajificha mbele ya mtu anayemtazama kupitia kioo. Alitaka kumwambia neno baya. Kisha akakumbuka maneno ya mkurugenzi kikaoni, akauliza polepole:

"Yule mtu wa kwenda kupumzika ni nani?"

"Ni mimi, baba. Ameniita ofisini mara mbili. Anasema fundi aliyeshindwa kutuliza meza moja, mitambo mingine ataiwezaje."

"Na mke wako anajua?"

"Anajua. Ndiye aliyenikataza nisikuambie. Alisema baba akisikia ataanguka." Akainua macho mara ya kwanza siku hiyo. "Vua pete tu. Kwa stendi hii tutafika hata mwaka. Mimi nitasema ilikuwa ile ya zamani, na mkurugenzi ataridhika."

Ni kweli, ingewezekana. Mzee aliliona hilo wazi, na alilitamani, tusimvike kilemba cha ukoka. Angevua pete, angeketi kwenye kiti chake, na kesho mkono ukipata nguvu ya kutikisa hata chuma, mkwewe angetafuta uongo mwingine, na mwishowe binti yake angekaa nyumbani na mume asiye na kazi kwa sababu ya baba aliyekataa kwenda hospitali. Alisimama pale ameshikilia stendi. Pete ikaendelea kugonga, na sasa kila mtu aliisikia bila hedifoni.

"Nipigie mkurugenzi," akasema.

"Baba..."

"Nipigie, mwanangu."

Hakuwahi kumwita hivyo. Fundi akapiga, akampa simu kwa mikono miwili. Mzee akazungumza kwa sauti yake ya saa ya habari, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alisema jambo kwa ufupi.

"Mkurugenzi, kelele ile ni mkono wangu. Unatetemeka, na si jambo la leo. Fundi hana kosa lolote. Alinisitiri kwa heshima, usimuadhibu kwa heshima yake."

 Mkurugenzi akasema pole, akasema pole tena, akasema fundi asiwe na wasiwasi.

"Nashukuru," mzee akasema. "Naomba nisome ya leo tu, niwaage watu."

"Hapana, mzee wangu. Leo atasoma mwenzako. Wewe nenda hospitali. Habari za kuagana tutazipangia siku yake."

Alirudisha simu. Akageukia upande wa mafeni ya ukutani, akayahesabu moja moja.  Fundi alisimama karibu naye kuliko alivyowahi kusimama, bega kwa bega, lakini hakuthubutu kumgusa.

Mwenye duka alikuwa ameshaanza kuifunga ile nzito kwenye boksi lake. Alisita, utepe mkononi.

"Niwape hii hii, mzee?"

"Hapana," Mzee Muhtasari akasema. "Tupe ile ya kawaida. Anayesoma leo haishiki."