Sauti Niliyoizima Parokiani

Siku kompyuta ya parokia yetu iliposema yenyewe, mimi, sekretari wake, nilikuwa uani nakunywa maji.

Nikamwona Mama Germaine, anayesafisha ofisi, anatoka mbio na fagio mkononi, kitambaa cha kichwa kimeshuka shingoni.

"Mule ndani hamuna muntu, lakini machine inasema," aliniambia. "Ile iko roho, Élisa."

Nikachungulia. Kweli bwana. Chumba kitupu, kiti kimesogezwa nyuma, na sauti ya mwanamke inasoma nabii Yeremia kwa Kiswahili cha mzungu aliyeshuka kwenye treni jana.

Mwili ulinisisimka, nisikudanganye.

Jua halijazama, habari ilishafika sokoni na kwa vijana wa pikipiki pale gare, kwenye stesheni ya treni. Eti ni sekretari wa zamani, marehemu, amerudi kumalizia kazi zake. Wanakwaya wakaanza kupita mbali na dirisha.

Paroko wetu, Abbé Kalala, hakutaka mchezo.

"Ile machine iko mu mikono yako," aliniambia. "Toa ile kintu. Ikisema tena, nitatafuta muntu mwengine wa kazi."

Kazi yenyewe ndiyo inayotulisha mimi na mama yangu. Tangu hapo sikutulia.

Nikakaa, nikafungua kivinjari, nikaenda kwenye orodha ya extension, vile vidude vidogo unavyoongeza ili kivinjari kifanye kazi fulani. Roho gani! Kilikuwa kidude cha kuwasomea watu maandishi kwa sauti. Nani alikiweka, sijui. Nikasogeza kitufe chake, kikageuka kijivu. Nikajiona fundi.

Kesho yake nikakikuta kimewashwa.

Nikazima. Kikawashwa tena.

Nikaanza kumtazama kila mtu kwa jicho la pembeni. Niliwashuku vijana wa kwaya wanaokuja kuchapa nyimbo. Niliwashuku waseminari waliokuwa likizo. Hata Abbé mwenyewe nilimshuku, Mungu anisamehe.

Mtu mmoja tu hakunijia akilini, Papa Zébédée, mume wa Mama Germaine.

Huyo ndiye msomaji wetu wa misa. Msomaji hasa. Akisimama kwenye mimbari hatazami kitabu, anakutazama wewe, na neno linakukuta palepale ulipokaa. Wageni kutoka Kaniama wakija misa ya Jumapili, wanauliza kwanza kama ni yeye atakayesoma.

Mchana, nikienda kula, alikuwa anakuja ofisini kukimbia jua, visikizio masikioni. Sisi tulidhani anasikiliza mpira. Mzee ambaye hata namba za simu anabonyezewa na mkewe, utamshuku kwa lipi?

Ijumaa sauti ikatoka tena, na safari hii Abbé aliisikia kwa masikio yake. Alinitazama tu, akapita.

Nikaamua kukifuta kabisa. Kabla ya kufuta nikafungua mipangilio yake nione kuna nini.

Mwendo: polepole kabisa. Herufi: kubwa mno, maneno mawili yanajaza skrini. Kurudia: aya ileile, tena na tena.

Nikacheka. Nikasema aliyepanga hivi ni mtoto wa chekechea.

Nikafuta. Nikaweka na neno la siri ili mtu asiongeze kitu tena. Jumamosi kompyuta ilikaa kimya siku nzima, na mimi nikala bukari, ugali wetu, nikashiba.

Jumapili, Papa Zébédée akapanda kusoma.

Akafungua kitabu. Akainua uso. Akasema, "Somo katika Kitabu cha Nabii Yeremia."

Halafu kimya.

Mtu akakohoa. Abbé akageuza shingo. Kidole cha mzee kilikuwa kinatembea juu ya ukurasa, kinatafuta. Mimi nilikuwa benchi la pili, na macho yake yalinipita kama sipo.

Polepole kabisa. Herufi kubwa. Tena na tena.

Mungu wangu.

Miguu ilininyanyua kabla sijaamua. Nikapanda, nikasimama kando yake, nikamnong'oneza mstari. Akausema. Nikampa mwingine, akausema. Sauti ilitetemeka mwanzoni, kisha ikakaa sawa mpaka mwisho. Watu walidhani ni mtindo mpya.

Baada ya misa Mama Germaine alinivuta nyuma ya kanisa. Alinieleza kwamba macho ya mumewe yalianza kufunga utando mwaka jana. Watu wakijua, atanyang'anywa kitabu, na bila kitabu kile mzee haoni sababu ya kuamka. Kwa hiyo wiki nzima husikiliza somo mpaka likae kichwani. Siku ile ya kwanza alitoka kwenda chooni, visikizio vyake shingoni, akasahau kwamba mashine bado inasoma, na Ijumaa ikawa vilevile.

"Mwenye kukiweka na kukiwasha, ni miye," akasema. "Na ile habari ya roho, ni miye pia. Nilitaka bantu baogope, basiulize."

"Mbona hukuniambia, Mama?"

Alifunga upya kitambaa chake cha kichwa.

"Ni weye ulikuwa unazima, mwanangu. Nitaambia namna gani muntu mwenye anazima?"

Niliona haya mpaka nikashindwa kumuaga.

Jumatatu nilikirudisha kile kidude. Nikakipanga polepole, kirudie, herufi kubwa, na nikazima spika za kompyuta ili hata visikizio vikichomoka pasitoke kitu. Abbé alipouliza, nikamjibu kwamba ile sauti haitasikika tena ofisini. Sikudanganya.

Ila nadhani anajua. Jumapili iliyofuata alitangaza kwamba kuanzia sasa Élisa atasimama kando ya Papa Zébédée kumshikia maikrofoni.

Maikrofoni yetu ina mguu wake wa kusimamia.

Ndugu yangu unayesoma, ukikuta kitu kimewashwa na hujui ni cha nani, usikimbilie kitufe. Uliza kwanza, na uliza kwa upole, ili mwenye kukihitaji asiogope kukujibu.