Kanda Kwenye Karai

Juzi niliona dukani filamu ya zamani imetolewa upya, ndani ya boksi gumu lenye picha. Nikazikumbuka kanda za Baba.

Baba yangu, mchimbaji mdogo wa dhahabu kule Rwamgasa, alikuwa akikusanya kanda za video, zile orijino zenye makava yake. Deki ya kuzichezesha hatukuwa nayo. "Tutanunua," alisema kila alipozipanga upya juu ya kabati.

Vumbi la mawe yaliyotwangwa liliingia kila mahali. Mchana mmoja, nikiwa bado mtoto, nilizitumbukiza kanda zote kwenye karai ambamo Mama alioshea mchanga wa dhahabu, nikazisugua kwa sabuni ya mche, nikazianika uani. Makava yalinuka kama daftari lililonyeshewa.

Baba alirudi na matope hadi magotini. Alisimama akizitazama zikichuruzika maji.

"Shikamoo, Baba. Nimeziosha."

"Marahaba, mwanangu," alisema polepole. "Kweli, zimetakata."

Akakaa chini, akazifuta moja moja kwa shati lake, akazirudisha juu ya kabati.

Kwa miaka mingi niliamini nilimfurahisha siku ile. Ila deki hakuitaja tena.