Anaombea Nyumba Anamoishi Ishuke Bei

Tik, tik, tik. Boila ya gesi ukutani inajaribu kuwaka, inashindwa, inanyamaza. Ni saa kumi alfajiri, na Pyo Mal-sun amesimama mbele yake, koti juu ya nguo ya kulalia, mkono kiunoni, akiitazama kama mtu anavyomtazama mtoto mkaidi.

"Endelea kunichezea," anaiambia. "Mwenyewe yuko wapi umchezee?"

Inajaribu tena, na safari hii inawaka. Mal-sun anakula wali na kimchi, kabichi yake ya kuchachusha, akiwa wima, anafunga mlango, kisha anapanda ngazi hadi ghorofa ya nne na kutundika mfuko wenye kibakuli cha supu ya maharage ya soya kwenye kitasa cha jirani yake, Eom Gi-cheol, anayesambaza vifurushi usiku kucha na kurudi kukikucha. Hafanyi hivyo ili aonekane. Ukimuuliza atakwambia supu ilibaki.

Boila ile ilipaswa kubadilishwa siku nyingi. Kubadilisha ni kazi ya mwenye nyumba. Na mwenye nyumba hapokei simu.

Mal-sun ana miaka hamsini na tisa. Zaidi ya miaka ishirini amekuwa msuguaji katika nyumba ya kuoga ya wanawake iliyo nyuma ya soko, hapa Bucheon. Mteja hulala juu ya meza yenye ngozi ya plastiki. Mal-sun humwagia maji ya moto, huvaa glovu ya kijani yenye kukwaruza, na kumtoa nongo kuanzia shingoni hadi visigino. Akimpiga kikofi pajani, mteja anajua ni wakati wa kugeuka. Kila mmoja hulipa won elfu ishirini na tano, na sehemu ya hizo huenda kwa mwenye bafu kuwa kodi ya meza.

Siku hizi wateja wananung'unika.

"Dada, huo ni mgongo wangu," anasema muuza samaki mmoja, uso umezama kwenye taulo. "Gwak hayumo humo ndani."

"Nisamehe."

"Sugua tu, sijakukataza. Ila bakiza kidogo, nina mume."

Wanawake waliomo kwenye dimbwi la maji ya moto wanacheka. Mal-sun hacheki, lakini mkono wake unalegea.

Huyo Gwak ndiye mwanamke mwenye jengo anamoishi Mal-sun. Kwa miaka saba alikuwa mteja wa meza hii hii, kila Jumatano, na hakuwa mtu wa kiburi. Alikuwa akimletea Mal-sun viazi vitamu vya kuchoma. Mumewe Mal-sun alipofariki, Gwak alikuja msibani na kukaa hadi usiku akiosha vyombo. Ni yeye aliyemwambia, "Dada, nina nyumba ya vyumba viwili ghorofa ya tatu, inapata jua. Njoo ukae."

Walikubaliana kwa jeonse, kama wengi wafanyavyo huku: mpangaji anampa mwenye nyumba amana kubwa mara moja, halipi kodi ya mwezi, na siku akihama anarudishiwa amana yake yote. Mal-sun alitoa won milioni tisini na tano. Humo mlikuwa na akiba yake yote ya meza ile, na rambirambi za mumewe.

Kinga ya mpangaji ni moja. Anaandikisha jina lake ofisi ya mtaa kwamba anaishi pale. Aliyeandikishwa kabla ya benki hulipwa kabla ya benki, hata mwenye nyumba akifilisika. Mal-sun alijiandikisha siku ile ile aliyohamia.

Kisha ikaja Jumatano moja. Gwak alikuwa amelala kifudifudi, mvuke umetanda.

"Dada Mal-sun, unataka kuhamia karibu na mwanao Daejeon, siyo? Benki imekubali kunikopesha, nikupe amana yako yote. Ila hawataki kuona jina la mpangaji. Lihamishe kwa siku moja tu. Kesho yake unalirudisha."

Mal-sun alilihamisha hadi kwa binamu yake. Kesho yake alilirudisha. Siku hiyo moja katikati, Gwak aliiweka nyumba rehani.

"Watu wananiuliza, ulikuwa mtoto?" anasema Mal-sun, akikunja taulo kwa nguvu kana kwamba limemkosea. "Sikuwa mtoto. Mtu amelala uchi mbele yako miaka saba. Unajua kovu la kila mtoto aliyemzaa. Aliosha masufuria msibani kwangu. Utamwambia nini? Subiri kwanza nimwite mwanasheria? Kwetu jambo kama hilo ni tusi."

Amana haikurudi. Bei za nyumba ndogo kama hizi zilianza kuporomoka, wapangaji wapya hawakupatikana, na Gwak, aliyekuwa akimlipa anayehama kwa pesa ya anayehamia, alikwama. Mara ya mwisho kupokea simu alisema soko limeanguka, na yeye pia ameumia.

"Soko limeanguka," anasema Mal-sun. "Gari lake halikuanguka. Nililiona."

Alikwenda kwenye ofisi inayowasaidia waliotapeliwa. Kijana aliyekuwa dirishani alisoma karatasi zake kwa makini, kisha akasema kwa upole kwamba amechelewa, maana jina alilihamisha mwenyewe, kwa mkono wake. Sasa yuko nyuma ya benki. Nyumba ikiuzwa, benki itachukua yote. Kijana huyo alimsindikiza hadi kwenye lifti na kuinama sana. Mal-sun anakumbuka kule kuinama, na anakiri kijana hakustahili maneno makali aliyomtolea.

Sasa benki imelipeleka jengo zima mnadani, nyumba moja moja. Nyumba ya Mal-sun ilianza kwa milioni mia na ishirini. Hakujitokeza mtu. Ikashushwa theluthi hivi. Hakujitokeza mtu. Alhamisi hii itaitwa kwa bei ya chini isiyofika milioni sitini. Isiponunuliwa, mwezi ujao itashuka hadi milioni arobaini na kitu.

Akiinunua mwingine, Mal-sun anatoka na mabegi yake tu. Njia pekee ya kubaki ni kuinunua yeye.

"Nyumba nimeshailipia," anasema. "Nimeilipia zaidi ya bei yake ya sasa. Sasa niingie foleni niinunue tena, na kila usiku niombe ishuke, iwe takataka, iwe bure, ili niimudu. Nani alishawahi kuombea nyumba yake ioze?"

Swali lake lilikuwa hili: anunue Alhamisi hii kwa mkopo, au angoje mwezi mmoja anunue kwa akiba aliyoweka tangu ahamie hapo?

Eom, jirani wa ghorofa ya nne, alikuwa na jibu. Ndiye anayewaongoza wapangaji waliobaki, na ndiye aliyetundika kitambaa chekundu mlangoni mwa jengo: HUMU WANAISHI WATU WALIOTAPELIWA. UNAYENUNUA, NUNUA UKIJUA.

"Mama mdogo, tungoje," alimwambia. "Sote tumekubaliana. Akinunua mmoja sasa, wawindaji wa mnada watajua hizi nyumba zina uhai, na bei yetu sote itapanda."

Mal-sun alikubali kungoja. Hata alipoitwa na Heo, mwanamke anayekata tikiti mlangoni mwa bafu, hakubadilika. Wafanyakazi wa bafu wana upatu wao, na mwezi huu ni zamu ya Heo, aliyepanga kutibiwa goti.

"Chukua zamu yangu," Heo alimwambia.

"Sitaki pesa ya goti lako, dada."

"Limeuma miaka kumi. Litauma kumi na moja, kwani lina haraka gani?"

Mal-sun alikataa. Angoje mwezi mmoja, asimdai mtu goti lake.

Jumamosi iliyopita kengele ya mlango ililia. Nje walisimama watu tisa wenye madaftari, viatu safi, na mbele yao mwanamume aliyeshika tochi. Ni wanafunzi wa darasa la mnada. Hulipa ada ili wafundishwe kununua nyumba zilizoanguka bei na kuzipangisha. Wengine ni walimu, wengine makarani, watu wasio na ubaya usoni.

"Mama, tungependa kutazama ndani kidogo," alisema mwalimu wao.

"Tazameni kitambaa chekundu. Au hamjui kusoma, mnajua kuhesabu tu?"

"Tunaelewa uchungu wako, mama, lakini soko..."

"Usinitajie soko. Hilo soko lina mikono? Ndilo lililoniomba nihamishe jina? Umewaleta wenye mishahara yao waje wakanyage pale nilipokanyagwa, na unawadai ada. Haya, shukeni. Mnachafua ngazi niliyoipiga deki mimi, kwa sababu mwenye nyumba hana mfagizi."

Wakaanza kushuka. Wa mwisho alikuwa mwanamke kijana mwenye mimba kubwa, uso umemwiva.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "samahani sana. Sina pa kujisaidia."

Mal-sun alimtazama. Hasira yake ilikuwa bado imejaa kinywani.

"Ingia. Macho chini. Usinipimie chumba."

Kijana akaingia, akavua viatu na kuvipanga vizuri, akatumia choo, akatoka na kuinama mara mbili. Mal-sun alimpa maji ya uvuguvugu anywe, kisha akamfungia mlango.

Jumatatu jioni kijana yule amerudi peke yake, amebeba mfuko wa machenza. Anaitwa Ryu Da-hye, msaidizi katika kliniki ya meno. Mal-sun anamfungulia nusu mlango.

"Umebanwa tena?"

"Hapana, mama. Nimekuja kukwambia kitu. Ukitaka kunipiga nipige, ila si tumboni."

Anakaribishwa sakafuni. Hagusi chai.

Jumamosi, anasema, walipofika chini, mwalimu alimuuliza kulikoje ndani. Yeye akajibu kabla ya kufikiri: ni pakavu, hakuna ukungu ukutani, bafu linang'aa, mwanamke yule ni msafi ajabu. Katika jengo zima hawakuwa wameingia nyumba nyingine yoyote.

"Akasema basi ndiyo hiyo. Ataiwekea dau Alhamisi, kwa jina la mmoja wetu. Anasema wapangaji watangoja ishuke tena, kwa hiyo lazima wawahiwe. Nimekuponza, mama. Ulinifungulia nikakuponza."

Mal-sun anainuka. Anaokota chenza moja, na kwa kitambo inaonekana kana kwamba atalitupa ukutani. Analirudisha kwenye mfuko.

"Kwa hiyo kosa langu ni kudeki," anasema. "Ningeacha ukungu uote kama Gwak alivyoniacha, ningepona." Sauti yake inapanda. "Miaka yote natoa watu uchafu. Nikiwa mwaminifu natapeliwa, nikiwa msafi nanyang'anywa, nikimwonea huruma mja mzito naletewa mwalimu wake. Niambie, nifanye ubaya gani ndio nikae salama?"

Da-hye analia kimya. Mal-sun anamsogezea taulo bila kumtazama.

Kisha anachukua simu.

"Dada Heo? Lile goti, bado linavumilia?" Anasikiliza. "Ndiyo. Alhamisi. Nitalipa kila mwezi hata kama ni kwa kusugua mji mzima." Anasikiliza tena, na kwa mara ya kwanza siku nzima mdomo wake unatabasamu. "Wewe nawe. Migongo ya wanaume siigusi."

Anapanda ghorofa ya nne kumwambia Eom ana kwa ana kwamba anavunja makubaliano, na kwa nini. Eom anasimama mlangoni na kikombe mkononi. Amekasirika, na ana haki.

"Nyumba za wengine wangengoja zishuke, ila yako hapana," anasema. "Haya. Mnada mahakamani unaanza saa nne. Nitakupeleka na gari la vifurushi. Utakaa mbele, lakini mlango wa mbele haufunguki kwa ndani."

Katika mnada huu kila mnunuzi huandika dau lake kwa siri na kulifunga ndani ya bahasha. Kiasi atakachoandika Mal-sun hakitaji kwa mtu, hata kwa Eom. Ni zaidi ya bei ya chini, kwa kiasi anachoamini mwalimu hatakifikia, maana mwalimu anatafuta faida na yeye anatafuta pa kulala. Akipata, atakuwa na deni hadi avuke miaka sitini na tano, na ataendelea kumdai Gwak mahakamani, kila senti, hata kama hataiona. "Sitaki asahau jina langu," anasema. Akikosa, atakwenda kwa mwanawe Daejeon, kwenye chumba ambacho mkwewe ameshakiondolea vitu ili apate pa kuweka godoro, ingawa hakuna aliyemwomba afanye hivyo.

Anaporudi chini, anamkuta Da-hye yuko mlangoni anavaa viatu kwa taabu, mkono mmoja ukutani. Mal-sun anapiga magoti na kumfunga kamba.

"Utajifungua lini?"

"Mwezi wa nne, mama."

"Mama yako yupo?"

"Hayupo."

Mal-sun anakaza fundo la pili. Uso wake bado umekunjamana, na sauti bado kali.

"Hilo darasa acha kwenda. Na wewe njoo tena hapa ukikaribia kujifungua. Akikufungulia mtu mwingine, usiulize kitu, geuka uende zako. Nikifungua mimi, ingia tule, tupange nani atakupikia supu ya mwani, ile ya mzazi, ukishazaa. Umesikia? Njoo."