Tukingoja Tumbo la Baba Mkwe Liamke

Baba mkwe alikuwa akichuma majani chai shambani kwake Boito, huko Konoin, tumbo lilipoanza kumkata, likavimba, likawa gumu kama ngoma. Jioni hiyo hiyo alipasuliwa.

Daktari alinieleza polepole, nami naeleza vivyo hivyo, kwa kuwa huku kwetu ugonjwa huu si mgeni. Utumbo ulikuwa umejisokota kama kamba ya ndama aliyezunguka mti, damu ikashindwa kupita. Kinachoumia kwanza ni ule utando laini wa ndani, maana ndio wenye njaa kubwa ya damu. Waliunyoosha utumbo, wakaufunika kwa vitambaa vilivyoloweshwa maji vuguvugu ya chumvi, wakangoja. Weusi ukapungua, wekundu ukarudi. Hawakukata hata kipande.

"Mlimleta mapema," alisema. "Sasa tuuache utando upone. Akitoa hewa tutajua tumbo limeamka, aanze uji kidogo kidogo."

Mke wangu alibaki nyumbani na watoto na ng'ombe, kwa hiyo mimi ndiye niliyekaa kando ya kitanda usiku na mchana.

"Mzee, umetoa hewa?" sista aliuliza kila alipopita.

"Bado," alijibu akitazama dari.

Siku zikapita, jibu likawa lile lile. Daktari alibonyeza tumbo, akakunja uso. Hali ikiendelea hivi hadi kesho, alisema, itabidi wafungue tena waone kama kuna sehemu iliyokufa. Mzee wa umri ule, kisu mara ya pili?

Daktari alipoondoka, sista alibaki. Alikuwa mama wa makamo, mwenyeji wa huko huko Konoin. Akanitazama sana.

"Wewe ni kijana wake?"

"Hapana, nimeoa kwake."

"Na ni wewe umekaa hapo siku zote hizi?"

"Siwezi kumwacha peke yake."

"Ala! Hebu toka, mkwe. Nenda ukanywe chai, na usirudi mpaka nikuite."

Sikufika mbali. Nilikuwa bado nje ya mlango niliposikia mlio mrefu, usio na haraka, kisha kicheko cha wodi nzima.

"Mzee! Kumbe iko?"

"Iko tangu jana, sista. Nimeizuia mpaka nimechoka. Ningeitoa aje mbele ya mtu ameoa msichana wangu?"

Niliegemea ukuta nikacheka, machozi yakinitoka. Daktari aliitwa, akabonyeza tena, tumbo likabonyea vizuri. Alipotoka alinishika bega. "Hakuna kupasua. Tafuta uji mwepesi."

Sijawahi kubeba kikombe kwa uangalifu kama siku ile.

"Baba, nilete uji?" niliita kutoka mlangoni.

"Mpe sista alete," alijibu. "Wewe mkwe, kaa huko nje kidogo tena."