Siku ya Zamu ya Mama

Sisi watoto wa mtaa wetu pale Bagamoyo, kabla ya kufikia umri wa kupelekwa chuoni, tulilelewa pamoja kwenye baraza ya jirani mmoja. Mama zetu walikuwa wamepatana: kila siku mmoja wao anashika zamu, anatupikia uji na kutuimbisha alifu na be, wengine wanakwenda kondeni. Sharti lao lilikuwa moja, nami nalichukia mpaka leo. Mwenye zamu hampakati mwanawe, asije akampendelea.

Basi siku ya zamu ya mama ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote. Mtu atadhani nilifurahi kushinda naye kutwa. Kushinda naye wapi! Nilikaa pembeni mwa mkeka nikimtazama akimpakata mtoto wa jirani, kitoto cha kamasi kisichokwisha kulia. Mama alimfuta kwa upindo wa kanga yake, kanga ile ile niliyojifunika usiku. Roho iliniuma. Nilimfinya yule mtoto, akalia zaidi, na mama akazidi kumbembeleza.

"Mama, na mimi," nikasema.

"Subiri, mwanangu. Tukifika nyumbani."

Nyumbani kulikuwa na moto wa kuwasha na samaki wa kupara.

Kesho yake zamu ilikuwa ya mama wa yule mtoto wa kamasi. Nilikwenda mwenyewe nikajitupa mapajani mwake. Alikuwa mnene, ananukia iliki, akanipokea bila kuuliza neno. Mwanawe alipiga mayowe, nami nikamtazama kwa raha zangu. Tangu siku hiyo, kila zamu yake nilikuwa wa kwanza kupakatwa.

Mchana mmoja mama aliwahi kurudi kutoka kondeni. Akasimama mbele ya baraza, jembe begani.

"Haya, njoo twende zetu."

Sikushuka. Nilimkumbatia yule mama shingoni, nikajifanya nimelala.

"Mwache kidogo, shoga, ndiyo kwanza kashikwa na usingizi," yule mama akasema, akicheka.

Mama hakucheka. Nilimchungulia: midomo ameibana, macho yameganda kwenye mkono ulionishika. Niliujua uso ule. Ulikuwa wangu, kila siku ya zamu yake.

"Nipe mwanangu," akasema.

Akaninyakua, akanibeba njia nzima, na mimi mtoto mkubwa wa kutembea. Jembe lake aliliacha pale pale chini.